UPS, mini UPS, betri ya 12V au frijigadi: kipi kinafaa ruta na redio yako ya paani, Unguja na Pemba

Intaneti ikianza kukatika, wa kwanza kulaumiwa ni mtoa huduma, na mara nyingi anaonewa. Kabla hujampigia, ingia kwenye ukurasa wa ruta (nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1) utafute mstari unaoonyesha imewaka kwa muda gani. Kama intaneti imekatika saa nne asubuhi na ruta inasema imewaka siku kumi na mbili mfululizo, umeme hauna kosa; mpigie. Ikisema imewaka dakika sita, mchawi ni umeme, na hata uhame kampuni mara tatu tatizo utahama nalo. Redio ya paani, ile inayopokea intaneti kwa mawimbi kutoka kwa mtoa huduma, ina ukurasa wake pia. Angalia na huko, kwa sababu ruta inaweza kuwa imesimama imara sebuleni huku redio juu inajizima na kujiwasha peke yake.

Ukishajua ni umeme, bado hujajua ununue nini. Kuna umeme unaokatika. Kuna umeme mdogo, ule wa jioni kijijini mwisho wa laini, taa zinapokuwa njano. Kuna umeme mkubwa: unaorudi kwa kishindo, nyutro (waya wa kurudishia umeme) inapoachia, au radi. Na kuna umeme uliopo vizuri ukutani lakini haufiki kwenye kifaa, kwa sababu adapta imechoka au kebo inaula njiani. Kosa linaloonekana madukani kila siku ni mtu kununua dawa ya tatizo la kwanza kutibu la nne. Anarudi na UPS kubwa (boksi la betri linaloshika umeme ukikatika) nyumbani, ruta inaendelea kujizima vilevile, kisha UPS inaitwa feki.

Adapta kwanza, maana ndiyo rahisi

Soma lebo. Upande wa kuingiza utaona 100-240V, 50/60Hz. Upande wa kutoa utaona 12V 1A, 12V 1.5A, 9V 0.6A au kadhalika. Volti lazima zilingane na zilizoandikwa chini ya ruta. Ampea za adapta ziwe sawa au zaidi, zisipungue. Adapta ya 12V ikichomekwa kwenye ruta ya 9V inaweza kuiua papo hapo, na pini zake zinaingiana bila tabu yoyote.

Kwenye pini hizo kuna mtego mwingine. Nyingi zina kipenyo cha nje cha milimita 5.5, lakini tundu la ndani ni 2.1 au 2.5. Pini ya 2.5 huingia kwenye soketi ya 2.1 na kucheza ndani. Ruta inawaka, kisha mtoto akipita akaigusa meza inazimika. Ukitikisa waya na taa zikapepesa, hapo hakuna betri itakayosaidia.

Adapta iliyochoka ni laghai. Ipime kwa multimita bila mzigo, itakupa 12.1V safi kabisa. Ndani yake kapasita imeshakauka kwa joto, na ikianza kutoa umeme wa kweli volti zinaporomoka. Ipime ikiwa na mzigo: globu ya gari ya 12V 10W hula kama 0.8A, inatosha kuijaribu adapta ya 1A. Iwashe dakika tano huku umeshika multimita. Ikibaki juu ya 11.4V ni nzima. Ikishuka hadi 10 au namba zikawa zinarukaruka, itupe. Hili hueleza pia kwa nini ruta inazimika usiku watu wakianza kuangalia video na mchana imetulia: ikirusha data nyingi inakula umeme zaidi.

Kama adapta na pini ni nzima, endelea na ulinganisho. Kama siyo, umemaliza kwa bei ya adapta.

Frijigadi na stebilaiza

Kwa ruta, stebilaiza ni fedha iliyopotea. Adapta yenye lebo ya 100-240V inaufanyia umeme mdogo kazi ileile ambayo stebilaiza ingeifanya: ukiwa 170V, yenyewe inatoa 12V kama kawaida. Stebilaiza iachie friji na pampu.

Frijigadi ni hadithi tofauti, kwa sababu inakata umeme mkubwa. Nyutro ikiachia kwenye laini ya fezi tatu, soketi ya 230V inaweza kupanda kuelekea 400V, na hapo adapta zote za nyumba huondoka pamoja na televisheni. Kifaa kinachokata umeme ukipita 260V hivi kinaokoa. Lakini kile cha friji kina tabia mbili zisizoifaa ruta. Hukata pia umeme ukishuka, kwa kawaida karibu na 180V, maana mota ya friji huungua kwa umeme mdogo. Kwa hiyo jioni ruta yako inazimwa na mlinzi wake mwenyewe wakati adapta ingeweza kuendelea bila wasiwasi. Na umeme ukirudi, husubiri dakika kadhaa kwa ajili ya kompresa, jambo ambalo ruta hailihitaji.

Chagua kile cha kufungwa kwenye boksi la breka, chenye kioo cha namba na vitufe vya kupanga. Weka kikomo cha chini 150V au chini kabisa kinapofika, cha juu 265V, na kusubiri sekunde 30 hadi 60. Fundi wa umeme aliyesajiliwa ndiye akifunge, kwa kuwa kinakaa kwenye laini kuu. Wala hakisaidii kitu umeme ukikatika. Kinazuia kuungua tu.

UPS ya kawaida au mini UPS

Hapa ndipo penye mabishano, na jibu letu ni moja kwa moja: kwa ruta peke yake, au ruta na kile kiboksi cha faiba, mini UPS inaishinda UPS ya kompyuta.

Chukua UPS ya kawaida ya 650VA. Ile 650 haikuambii itakaa muda gani. Inakuambia mzigo inaoweza kubeba. Muda uko kwenye betri ya ndani, ambayo kwa kawaida ni moja ya 12V 7Ah, yaani 84Wh (wati-saa: volti mara Ah). Betri hiyo inatoa 12V, inveta inaipandisha hadi 230V, halafu adapta ya ruta inaishusha tena hadi 12V. Inveta yenyewe, hata ikiwa na mzigo mdogo, hula wati 10 hadi 15 kwa kuwa macho tu. Ruta na kiboksi cha faiba vikila wati 12, zaidi ya nusu ya betri inaliwa na UPS. Ikiwa mpya utapata saa mbili na nusu hivi. Betri ileile ikilisha ruta moja kwa moja ingefika karibu saa sita.

Kuna UPS zinazojizima zenyewe zikiona mzigo ni mdogo mno wakati zinatumia betri, zikidhani kompyuta imezimwa. Mnunuzi huona umeme umekatika, ruta inakaa dakika chache, kisha kimya, na betri imejaa. Kama UPS yako inafanya hivyo, tafuta kwenye kijitabu chake namna ya kuondoa mpangilio huo, au iongezee mzigo wa taa.

Umeme mdogo ndio unaoimaliza UPS kijijini. UPS isiyo na AVR (kirekebishi cha volti cha ndani) ikiona umeme chini ya 180V hivi inahesabu umekatika, inahamia kwenye betri. Ikiwa kila jioni kuanzia magharibi hadi saa nne umeme ni mdogo, betri inatumika kila siku, haipati muda wa kujaa, na baada ya miezi inabaki ya kupiga kelele tu. Ukilazimika kununua UPS, soma mipaka ya AVR kwenye boksi: inayokubali kuanzia 140V au 150V ndiyo ya shamba. Joto nalo halina huruma. Betri ya risasi hupimwa kwa nyuzi 25, na kila nyuzi 10 zinazozidi hukata maisha yake takriban nusu. UPS iliyowekwa juu ya kabati chini ya paa la bati Februari haitakaa miaka mitatu iliyoahidiwa.

Mini UPS ni betri ya lithiamu ndani ya kiboksi kidogo, ina matundu ya 9V na 12V, USB ya 5V, na nyingine zina tundu la PoE (umeme unaopita kwenye kebo ya mtandao) la 15V au 24V. Haina inveta, kwa hiyo hakuna cha kupotezwa sana. Lakini namba yake ya mAh inasomwa vibaya na karibu kila mtu. Boksi likisema 8800mAh, hizo ni za seli ya 3.7V, siyo za 12V. Zidisha: 8.8 × 3.7 ni kama 32.5Wh. Toa upotevu wa kupandisha volti, unabaki na 27 au 28. Gawa kwa mzigo wako wa wati 11: saa mbili na nusu. Karibu sawa na ile UPS nzito, kwa kiboksi kinachobandikwa nyuma ya ruta.

Udhaifu wake upo, na wauzaji hawausemi.

Wa kwanza ni chaja. Mini UPS nyingi hulishwa na adapta ileile ya ruta. Adapta ni ya 12V 1A, ruta na kiboksi cha faiba pamoja vinakula 0.9A, na mini UPS nayo inataka kujaza betri. Kinachobaki ni 0.1A. Umeme ukikatika mara ya kwanza unapata saa mbili. Ukikatika tena kesho yake unapata dakika ishirini, kwa kuwa betri haikujaa. Watu husema imekufa. Haikufa, ina njaa. Ipe adapta ya 12V 2A au 3A, mradi mini UPS yenyewe inakubali volti hizo kwenye lebo yake ya kuingiza.

Wa pili ni jumla ya wati. Matundu yanaweza kuwa manne lakini kiboksi kizima hakivuki wati 18 hivi kwenye aina nyingi. Ruta ya 12V 2A peke yake inaweza kufika huko inapowaka, na kiboksi kikizidiwa hukata kila kitu kwa pamoja.

Wa tatu unawahusu wa faiba: tundu la PoE kwenye mini UPS nyingi hupitisha data ya megabiti 100 tu, kwa sababu jozi mbili za waya zimetengwa kwa umeme. Ukiwa na kifurushi cha kasi zaidi ya hapo, usipitishe kebo ya data humo. Tumia tundu la 12V tu.

UPS ya kawaida inabaki na nafasi yake, na si ndogo. Nyumba za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe ambazo Wi-Fi haipenyi, kwa hiyo gesti moja hufungwa vituo vya Wi-Fi vitano au sita, vyote vikilishwa na swichi moja ya mtandao ya PoE. Swichi hiyo inataka 230V na jumla ni kama wati 70. Hapo mini UPS haiingii kabisa. UPS ya 650VA itaibeba kama nusu saa. Ukitaka zaidi, tafuta yenye betri mbili au inayokubali betri ya nje.

Kwenye hoteli zenye jenereta, kama za Nungwi au Paje, tatizo ni zile sekunde 10 hadi 30 za kubadilisha, ambazo zinatosha kuzima ruta na kumfanya mgeni asubiri dakika tatu hadi iwake. Betri ndogo kabisa inaziba pengo hilo. Tahadhari ni kwamba UPS ya kawaida huwa haikubali umeme wa jenereta inayoyumba. Jenereta ikizidiwa na kushuka hadi 47Hz, UPS nyingine hukataa, hubaki kwenye betri huku taa za hoteli nzima zinawaka, kisha huzima. Adapta ya mini UPS haijali hilo.

Betri ya 12V yenye chaja, au na sola

Huu ndio uchaguzi wa skuli, kituo cha afya au ofisi ambayo redio ya paani inapaswa kuwaka mchana na usiku. Unguja na Pemba zote hupata umeme kutoka Bara kwa kebo za chini ya bahari: Unguja kupitia Ras Kiromoni hadi Fumba, Pemba kutoka upande wa Tanga tangu 2010. Njia ya Unguja ilipopata hitilafu Disemba 2009, kisiwa kilikaa gizani hadi Machi 2010. Kebo mpya ya megawati 100 ikaja 2013. Kwa giza la namna hiyo hakuna betri ya dukani, ni sola. Kwa kukatika kwa kawaida kwa saa chache, betri moja nzuri inatosha.

Hesabu inaanza na mzigo. Redio ya wati 7 na ruta ya wati 6 ni 13, mara saa 24 ni 312Wh kwa siku. Ongeza asilimia 20 ya upotevu, unapata karibu 375Wh.

Ukitaka saa nane tu za kukatika, unahitaji 125Wh za kutumia. Betri ya risasi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo nunua ya 12V 26Ah au zaidi. Ya LiFePO4 (aina ya lithiamu) inaruhusu asilimia 80, hivyo 12.8V 18Ah inatosha. Betri ya gari usinunue, hata kama ya jirani inafanya kazi. Imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, na ukiimaliza taratibu kila siku, sahani zake huharibika ndani ya muda mfupi.

Ukitaka sola tupu, kama kwenye visiwa vidogo vya Pemba au shamba kusikofika laini, hesabu saa nne za jua kamili kwa siku. Kiangazi utapata zaidi, Masika utapata pungufu. 375 gawa kwa 4 ni kama wati 94; ongeza vumbi, chumvi kwenye kioo na upotevu wa kontrola ya kuchaji, funga paneli ya wati 150. Betri ya kuvuka siku mbili za mawingu: LiFePO4 ya 100Ah, au ya risasi ya mzunguko mrefu isiyopungua 125Ah. Waya wa kwenda kwenye ruta na redio uwe na fyuzi ya 5A karibu na ncha chanya ya betri; waya wa kontrola unataka fyuzi yake kubwa zaidi, maana paneli ya wati 150 hupitisha zaidi ya 5A. Ikikaa upande wa ruta hailindi kitu, kwa sababu shoti hutokea njiani.

Sasa volti. Betri ya "12V" haikai 12V. Ikichajiwa inapanda hadi 14.4V, ikiisha inashuka hadi 11.5V. Ruta za MikroTik kama hEX ya RB750Gr3 zimeandikwa 8-30V na haziulizi. Ruta nyingi za nyumbani zimeandikwa 12V basi. Usizibahatishe, weka kigeuzi cha kudhibiti kinachopokea 9 hadi 18V na kutoa 12V thabiti. Kwa redio ya 24V, weka kigeuzi cha kupandisha kutoka 12V hadi 24V. Wengine hufunga betri mbili mfululizo wapate 24V moja kwa moja. Inafanya kazi, ila zikichajiwa na sola zinafika 28.8V, na si kila redio inavumilia. Soma lebo.

| | Umeme ukikatika | Umeme mdogo | Umeme mkubwa | Mzigo unaofaa |
|---|---|---|---|---|
| Frijigadi ya kupangwa | hapana | inategemea ulivyoipanga | ndiyo | wowote |
| UPS 650VA | saa 2 hadi 2.5 kwa wati 12 | ikiwa na AVR pana tu | kiasi | swichi ya PoE, kompyuta |
| Mini UPS 8800mAh | saa 2.5 kwa wati 11 | ndiyo, kupitia adapta | hapana | ruta na faiba |
| Betri 12V na chaja | saa 8 na zaidi | ndiyo, chaja ikiwa ya 100-240V | kiasi | redio ya paani na ruta |

Mtu wa faiba mjini achukue mini UPS yenye adapta ya kutosha, na frijigadi ya kupangwa kwenye boksi kama anaweza. Skuli ya Micheweni au Makunduchi yenye redio juu ya paa ichukue betri na chaja, isihangaike na UPS. Mwenye ruta moja na simu mbili, ambaye umeme kwake hukatika mara moja kwa mwezi, asinunue chochote. Atumie data ya simu saa hizo. Na kabla ya yote, aangalie mita ya Tukuza kama uniti hazijaisha. Fundi huitwa kwa hilo zaidi ya inavyodhaniwa.

Kebo ya kwenda juu: 24V, 48V, shaba na aluminiam

Redio ya paani inalishwa kupitia kebo ya mtandao, na hapa ndipo umeme mwingi hupotea bila mtu kujua. Kuna mifumo miwili, na haichanganyiki.

Ya kwanza ni 24V ya moja kwa moja, inayotumiwa na redio nyingi za airMAX za Ubiquiti na nyingine za bei nafuu. Injekta (adapta inayoingiza umeme kwenye kebo ya mtandao) inapeleka umeme bila kuuliza: waya 4 na 5 chanya, 7 na 8 hasi. Ya pili ni ya viwango vya 802.3af na 802.3at, ambayo ni karibu 48V na inaanza kwa kupima kama kifaa cha upande wa pili kinaitambua. Kisipoitambua, haitoi umeme. Ya af hutoa wati 15.4 kwenye chanzo na kuhakikisha 12.95 kwenye kifaa. Ya at hutoa 30 na kuhakikisha 25.5.

Kwa hiyo swichi ya af haitaiwasha redio ya 24V, na hakuna kilichoharibika. Injekta ya 24V haitakiwasha kifaa cha af, maana kinahitaji angalau 37V. Kinachoua ni injekta ya 48V ya moja kwa moja, isiyouliza, ikichomekwa kwenye redio ya 24V. Injekta zinafanana kwa sura. Andika volti kwa wino usiofutika juu ya kila moja siku unayoinunua.

Sasa umbali. Waya mmoja wa kebo ya Cat5e ya shaba una ukinzani wa kama omu 8.4 kwa mita 100. Umeme unakwenda kwa waya mbili na kurudi kwa mbili, kwa hiyo mita 60 ni karibu omu 5. Redio ya wati 8 ikilishwa 24V inapata 22.2V juu, sawa kabisa. Ikilishwa 48V inapata 47. Ikilishwa 12V haiwaki hata kidogo: kwa omu 5 na wati 8, hesabu haina jibu, kila volti zinaposhuka redio inavuta ampea zaidi na zinashuka tena hadi izime. Ndiyo maana betri ya 12V ipandishwe hadi 24V chini, kabla ya kebo. Kwa mita 10, na redio inayokubali, 12V inapita.

Kebo ya bei nafuu yenye herufi CCA ni aluminiam iliyopakwa shaba. Kwangua waya mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, ndiyo hiyo. Ukinzani wake ni mara 1.6 hivi ya shaba, kwa hiyo mita 60 zinakuwa omu 8 na redio inapata 20.9V. Bado inawaka, na muuzaji atakuambia unaona, inafanya kazi. Tatizo ni akiba. Redio ya wati 8 kwa 24V inazimika njia nzima ikifika omu 18. Shaba inakuachia omu 13 za kuchakaa, CCA inakuachia 10, na aluminiam ndiyo inayochakaa haraka zaidi ikipata chumvi.

Chumvi ndiyo adui wa pwani nzima, Unguja na Pemba. Unyevu ukiingia kwenye plagi ya juu huku umeme wa DC unapita, pini za upande chanya, 4 na 5, huliwa kwanza. Ukichomoa plagi utaona ukijani kwenye pini hizo na nyingine bado zinang'aa. Dalili chini ni redio inayowaka vizuri asubuhi na kujizima wageni wanapoanza kupakua, au kasi ya kebo kushuka kutoka 1000 hadi 100, kisha 10. Kata plagi, kata na sentimita 20 za kebo ikiwa shaba ndani imekuwa nyeusi, gonga plagi mpya, jaza jeli ya kuzuia maji, funga kifuniko cha redio hadi kilie. Kebo iwe ya nje, nyeusi, yenye jeli. Ya ndani ya kijivu hupasuka kwa jua. Kabla ya kuingia nyumbani ishushe chini ya tundu la ukuta kisha ipandishe, maji yadondoke pale chini badala ya kufuata kebo hadi kwenye injekta.

Kujua kama tatizo ni kebo au redio, usipande na multimita juu ya bati. Shusha redio, iunganishe na injekta kwa kebo fupi ya mita moja, iache saa nzima ikiwa inarusha data. Ikitulia, redio na injekta ni nzima; kebo ya ukutani ndiyo mbovu. Ikijizima hata hapo mezani, badilisha injekta kwanza, kwa kuwa ni adapta tu kama zile za mwanzo na huchoka vilevile.

Kwa radi za Masika na Vuli, weka kikinga radi cha kebo ya mtandao pale kebo inapoingia nyumbani, cha aina inayolingana na volti za PoE yako, na kingine karibu na redio kama mlingoti ni mrefu. Kikinga kisicho na ethi (waya wa kupeleka umeme wa radi ardhini) ni pambo. Pemba sehemu nyingi zenye udongo, fimbo ya shaba ya mita 1.5 inazama vizuri. Mashariki ya Unguja, uwandani kwenye mawe, fimbo inagonga jiwe baada ya nusu mita. Hapo chimba mfereji, laza waya mnene wa shaba mita kadhaa, fukia kwa udongo ulioletwa, na uunganishe na ethi ya boksi la umeme la nyumba. Ethi mbili zisizoungana, moja ya mlingoti na moja ya nyumba, huifanya radi ipite kwenye kebo ya mtandao kutafuta ile nyingine, na ruta iko katikati.